Domeini ya gesti yetu Tanga ilikaa siku 42 imekufa hatujui, hivi ndo tulivyoirudisha (uzi mrefu, vumilieni)

#1 MpwaWaSahare

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa nimetulia sasa, maana mwezi wa nne sikulala, na najua humu ndani wengi mna biashara zina tovuti na hamjui tovuti yenyewe imeandikishwa kwa jina la nani. Mi pia sikujua.

Shangazi yangu ana nyumba ya wageni Sahare, vyumba saba, tangu 2014. Wageni wake ni wa kwenda mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, wengine wanavuka na boti mpaka Toten, na wengi huandika imeili miezi kabla. Shangazi mambo ya kompyuta hayamhusu, ana daftari lake kubwa pale kaunta, mi nikisoma imeili nampigia simu anaandika jina na tarehe kwa penseli, mgeni akishalipa ndo anapitishia kalamu ya wino. Anwani ya tovuti imechorwa kwa rangi nyekundu ukutani pale getini, iko kwenye fulana za vijana wanaotembeza wageni, iko kwenye kila risiti. Miaka kumi.

Domeini yetu, yani ile anwani ya tovuti, ni ya .com na iliisha muda tarehe 3 Machi 2024. Hakuna aliyejua. Imeili za gesti zilikuwa zinapitishwa tu kuja kwenye jimeili yangu, kwa hiyo domeini ilipozimwa simu yangu haikuonyesha kosa lolote, zilikatika kimya kimya. Af ndo masika yameingia, wageni hupungua kila mwaka, nikasema basi ni msimu. Nikakaa hivyo hivyo wiki ya kwanza, ya pili, ya tano.

Jumapili tarehe 14 Aprili jioni wakashuka Wajerumani wawili, mtu na mkewe, watu wazima, wametokea Lushoto, wamelowa chepechepe. Wanataka chumba chao. Shangazi akapekua daftari mbele nyuma, jina halipo, akanipigia. Nilipofika yule mama akanipa simu yake. Mwezi wa pili waliuliza bei nikawajibu vizuri, mwezi wa tatu wakatuma tarehe ikarudi, wakatuma tena ikarudi, ya tatu ikarudi pia, wakaamua waje hivyo hivyo wabahatishe. Chumba kilikuwepo, nashukuru Mungu. Ila niliposimama pale kaunta na ile simu mkononi swali likawa moja tu, ni wangapi wengine walituma wakaona kimya wakaenda kulala kwingine.

Usiku ule ule nikaingia lookup.icann.org, ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeini duniani, nikaandika jina la domeini yetu. Hiyo ni bure, ya mtu yeyote, na ndo pa kuanzia, usianze kwa kupiga simu watu. Pale nikaona mambo mawili: jina la rejista, yani kampuni iliyosajili, ambayo mi sijawahi kuisikia maishani mwangu, na hali ya domeini imeandikwa redemptionPeriod, yani muda wa ukombozi.

Sasa hapa naomba mnisikilize maana hapa ndo watu wanapotea. Domeini ya .com ikiisha muda haifi siku hiyo hiyo. Kwanza kuna siku kati ya 0 mpaka 45, rejista ndo anaamua zake ni ngapi, ambapo kwa kawaida unalipia bei ile ile ya kila mwaka inarudi. Tovuti mara nyingi inakuwa imeshazimwa au imewekwa ukurasa wa matangazo, makusudi, ili mwenyewe ashtuke. Usipolipa rejista anaifuta, na ikifutwa inaingia siku 30 za ukombozi, bado ni yako lakini unaikomboa kwa hela nyingi zaidi. Zikiisha hizo 30 kuna siku 5 za mwisho inasubiri kufutwa kabisa, imeandikwa pendingDelete, na humo hakuna wa kuigusa, hata ulie. Baada ya hapo iko sokoni, anayewahi anaichukua.

Yetu ilifutwa tarehe 7 Aprili. Nikahesabu kwa kalenda ya ukutani, mwisho ni tarehe 7 Mei. Nilikuwa na siku 23.

Naenda kula, narudi.

#2 Mzee wa Mofa

Nimekaa hapa mkuu, endelea.

#3 MpwaWaSahare

Naendelea. Tovuti ilitengenezwa 2014 na kijana mmoja fundi wa hapa hapa Ngamiani, mtoto wa watu, kazi yake ilikuwa safi. Aliisajili kupitia wakala mmoja Dar, na wakala naye anauza kwa niaba ya rejista mkubwa wa nje. Kwa hiyo juu kabisa kuna Verisign anayetunza orodha ya .com zote duniani, chini yake rejista, chini wakala, chini fundi, halafu ndo shangazi na daftari lake. Shangazi kila mwaka alikuwa anampa fundi hela mkononi, fundi analipa. Fundi akahamia Mwanza, namba akabadili, hela ikakosa wa kumpa, na sisi tukadhani tovuti ukishaitengeneza imetengenezwa.

Jumatatu asubuhi nikampigia wakala. Nikaambiwa domeini imeshapotea, ninunue nyingine, watanipa bei nzuri. Wakuu, ningekuwa sijaangalia mwenyewe usiku ule ningekubali. Nikamwambia hapana, iko kwenye ukombozi, mwisho tarehe 7 Mei, nipe gharama. Akasema atanirudia. Siku tatu. Nikapiga tena, atanirudia. Ijumaa simu haipokelewi.

Nikamwandikia rejista mwenyewe moja kwa moja, imeili yake ipo pale pale kwenye majibu ya ICANN. Nikaambatanisha leseni ya biashara, TIN, kitambulisho cha NIDA cha shangazi, picha ya geti lenye maandishi mekundu. Jibu likaja baada ya siku moja, la adabu lakini gumu: mwenye haki ya kukomboa ni yule aliyekuwa ameandikishwa siku domeini inaisha muda. Na aliyeandikishwa siyo shangazi wala gesti. Ni fundi. Jina lake, imeili yake ya zamani, namba yake iliyokufa. Zile taarifa za kukumbusha rejista alizituma kama sheria ya ICANN inavyotaka tangu 2013, kama mwezi mmoja kabla, wiki moja kabla, na nyingine ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Zote zilikwenda kwenye sanduku la barua ambalo fundi hajalifungua miaka na lilishafungwa.

Kwa hiyo shangazi yangu amelipia kitu miaka kumi na kwenye karatasi siyo chake. Nilikaa na hilo jambo kifuani siku nzima.

Jioni nikachukua baiskeli nikaenda Ngamiani barabarani kwao fundi. Nikabisha hodi, mama yake anakaanga viazi nje, nikamwamkia shikamoo, marahaba mwanangu karibu. Nikamweleza namtafuta mwanawe, siyo kwa ubaya, kuna karatasi yake moja inahitajika. Akanitazama kidogo, akafuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani akatoka na simu. "Ndugu yako huyu yuko Mwanza mwaka wa pili, ongea naye, na umwambie mama yake amesema apige Ijumaa." Fundi alipopokea na kusikia habari alinyamaza, halafu akasema "braza nilisahau kabisa, nisamehe, niambie nifanye nini."

Alifanya. Aliandika barua fupi kwa Kiingereza, naiweka kwa maana yake mtu ajue kilichotakiwa: mimi fulani niliyeandikishwa kama mwenye domeini hii naomba ikombolewe, na ikishakombolewa mwenye domeini abadilishwe awe fulani wa nyumba ya wageni fulani, imeili mpya ni hii, simu ni hii. Sahihi, tarehe, picha ya kitambulisho chake mbele na nyuma. Ukurasa mmoja tu. Rejista akajibu tarehe 26 Aprili na bei, dola 80 ya ukombozi na dola 15 ya mwaka mmoja, jumla 95.

Kadi yangu ya benki ikakataa mara mbili, haijafunguliwa kununua mtandaoni. Ilikuwa Ijumaa jioni, benki imeshafungwa. Nikatengeneza kadi ya Visa ya M-Pesa kwenye simu, nikaijazia, kiwango cha kubadilishia dola kikanila kidogo, ikapita. Rejista wakatuma maombi yao kwa Verisign, na tarehe 2 Mei asubuhi nikaangalia, ile redemptionPeriod haipo. Siku tano kabla ya mwisho. Tovuti haikuonekana hapo hapo, kwangu ilifunguka siku ya pili na kwa binamu yangu aliyeko Dar ikachukua karibu siku mbili, ni kawaida, seva za watoa intaneti zinakaa na majibu ya zamani.

Maswali karibuni.

#4 Bint_Pangani

Pole sana na hongera mkuu. Sisi yetu ilikufa kwa namna nyingine, jina lilikuwa letu sawa, ila imeili tuliyojiandikishia ilikuwa info ya domeini hiyo hiyo. Domeini imezimwa, unabonyeza nimesahau paswedi, ujumbe unatumwa kwenye anwani iliyokufa. Tulizunguka na vitambulisho wiki nzima tukiwa ndani ya siku za bei ya kawaida, zikaisha tukiwa tunazunguka. Watu wa humu imeili ya akaunti ya rejista isiwe ya domeini yenyewe jamani.

#5 Jirani wa Amboni

Naomba kuuliza, mi ya kwangu ni .co.tz, huko ICANN naangalia haitoki vizuri na utaratibu huo wa siku 30 unanihusu?

#6 MpwaWaSahare

@Bint_Pangani hilo lako hata mi ningeingia, nimeshabadilisha leo hii baada ya kukusoma.

@Jirani wa Amboni hapana mkuu, sheria hizi nilizotaja ni za .com, .net, .org na wenzao. Zinazoishia na .tz ni za nchi, zina utaratibu wake, ziliwekewa shirika la kuzitunza, tzNIC, lililoundwa 2006 na TCRA pamoja na TISPA, chama cha watoa intaneti, na huwezi kwenda kumlalamikia ICANN kuhusu .co.tz, atakurudisha nyumbani. Nenda kwa msajili wako aliyeidhinishwa, akikuzungusha panda juu kwa mtunza daftari la .tz mwenyewe. Uzuri wako ni kwamba hao unaongea nao Kiswahili na unalipa kwa shilingi.

#7 fundi_komputa

Samahani naomba niongee kwa upande wa mafundi maana uzi kama huu huwa tunatukanwa. Mimi nina domeini za wateja kwenye akaunti yangu kama ishirini. Siyo kwa wizi. Mteja anakuja hana imeili, hana kadi, anasema nifanyie kila kitu, unamfanyia. Mwaka wa pili unampigia, "nitakutumia wiki ijayo". Kuna wateja nimewalipia mfukoni mwangu miaka minne kwa sababu najua ikizima lawama ni yangu. Ukiwaambia njoo tuandikishe kwa jina lako wanaona unawakimbia. Huyo fundi wa Mwanza amesahau ni kweli, ila miaka yote aliyokumbuka hakuna aliyemfungulia uzi.

#8 MpwaWaSahare

Mkuu umesema kweli na nashukuru umeongea. Ndo maana sikumtaja mtu hapa. Yule kijana alilipa kila mwaka alipokuwa Tanga bila kukosa, na tulipomtafuta alitoa kitambulisho chake bila kudai senti, angeweza kudai. Kosa naliona kwetu kama familia, tulimpa hela bila kuomba karatasi. Ila nakuomba na wewe zile ishirini uziandikishe kwa majina yao, akaunti ikae kwako sawa, lakini kwenye sehemu ya mwenye domeini liwe jina la mteja na imeili ya mteja. Leo ukipata dharura, Mungu apishe mbali, watu ishirini wanabaki nje ya mlango.

#9 Mzee wa Mofa

Wasijione wadogo peke yao. Microsoft wenyewe mwaka 1999 walisahau kulipia passport.com, ile watu walikuwa wanaingilia Hotmail, ikakwama sikukuu ya Krismasi. Bwana mmoja Mmarekani mtu wa Linux, Michael Chaney, akawalipia dola 35 kwa kadi yake ikarudi. Dola 35 mkuu!

#10 pwani_mpaka_bara

Mi nimechelewa, ya kwangu ilishafutwa na mtu mwingine kaichukua, ameweka picha za kamari na jina la duka langu juu. Nafanyaje?

#11 MpwaWaSahare

Pole sana mkuu, hii ndo ngumu kuliko zote. Njia ni mbili ninazozijua. Ya kwanza kumuuliza anauza bei gani, ukiuliza usioneshe unaihitaji sana na usitumie jina la duka, na malipo yapite kwa mtu wa kati anayeshika hela mpaka domeini ihamie kwako. Ya pili ni shauri la UDRP, utaratibu wa ICANN wa kugombania domeini tangu 1999, unapeleka WIPO, shirika la haki miliki duniani, kule Geneva. Lazima uthibitishe yote matatu: jina linafanana na alama yako ya biashara, yeye hana haki nalo, na amelisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Ada ni dola 1,500 kwa domeini moja mpaka tano ukiwa na mwamuzi mmoja, wakili hujamlipa bado. Na hapa angalia, kusajili jina la biashara BRELA siyo sawa na kusajili alama ya biashara, ni vitu viwili japo ofisi ni moja, wengi wetu tuna hilo la kwanza tu. Usipokuwa na alama iliyosajiliwa lazima uoneshe watu wanalijua hilo jina kuwa ni lako, na hapo risiti na picha za zamani zina kazi.

Na haraka kuliko hayo yote: orodhesha kila akaunti uliyofungua kwa imeili ya domeini ile, benki, Facebook, Instagram, TRA, badilisha imeili leo. Mwenye domeini mpya akitaka anaweza kupokea imeili zote zinazokuja kwa jina hilo, na akipokea imeili ya kubadili paswedi ameingia ndani kwako. Hii usilale nayo.

#12 fundi_komputa

Naongezea hapo kwa ambao yao iko kwenye zile siku 5 za mwisho. Domeini za .com zinaachiwa mchana wa Marekani, kwetu inakuwa saa tatu usiku, na miezi yao ya baridi saa nne. Ila usikae na simu ukibonyeza, kuna programu za watu zinazikamata ndani ya sekunde. Weka oda mapema kwenye huduma za kukamata, mbili au tatu tofauti, wengi wao hawakukati hela kama hawajaipata. Na kitu kingine, rejista wengi hawasubiri ifike huko, domeini ikipita kama siku 25 au 30 tangu kuisha muda wanaipeleka mnadani, kwa hiyo inaweza kupata mwenyewe mpya bila hata kufutwa.

Halafu msidanganyike na tarehe. Ile siku ya kuisha muda Verisign huwa anaongeza mwaka mmoja mwenyewe kwenye rekodi, unaangalia unaona 2025 unasema niko salama, kumbe rejista hajalipwa. Angalia hali, ukiona autoRenewPeriod au clientHold ujue huenda kuna deni.

#13 Bint_Pangani

Hiyo ya tarehe ndo iliyotudanganya sisi!! Ahsante, nilikuwa sijawahi kuielewa.

#14 Jirani wa Amboni

Mpwa, rejista yule wa zamani umebaki naye?

#15 MpwaWaSahare

Nilitaka kuhama siku ile ile ila ukibadilisha jina au imeili ya mwenye domeini wanaifunga siku 60 usihamie kwa rejista mwingine, isipokuwa wakupe nafasi ya kukataa hilo kufuli kabla hujabadilisha, mi sikuiona. Nikasubiri. Mwezi wa saba nikaomba namba ya siri ya kuhamishia, sheria inasema wakupe ndani ya siku 5, wakanipa siku ya tatu. Kuhama kukaongeza mwaka mmoja, nikalipia na mingine, sasa iko mpaka 2030. Mwisho unaoruhusiwa ni miaka 10. Kujilipia yenyewe nimewasha lakini siitegemei, kadi ikiisha muda nayo haijilipii, kwa hiyo shangazi ameandika tarehe nyuma ya jalada la daftari lake, kwa wino.

Na wakuu kuna mtu kanifuata inbox baada ya #1, anasema yeye ni wa "idara ya domeini" atanisaidia kwa laki mbili, anaomba ile namba ya siri. Hiyo namba ni funguo ya nyumba, akiwa nayo na kufuli limefunguliwa anahama nayo. Msimpe mtu. Vilevile zile barua za "lipia domeini yako inaisha" kutoka kampuni ambayo si rejista wako, zitupe.

#16 Mzee wa Mofa

Wale Wajerumani iliishaje?

#17 MpwaWaSahare

Walikaa siku nne, mvua ikawazuia Toten, Tongoni wakafika. Siku ya kuondoka yule mzee alipiga picha ya ukuta wa geti, akamwambia shangazi kwa Kiswahili cha kitabu kwamba anwani hii haifanyi kazi, tafadhali rekebisha. Tarehe 5 Mei nikawaandikia kutoka kwenye anwani ile ile, nikawaambia imerekebishwa.

@fundi_komputa umeona PM yangu? Fundi wetu wa Mwanza kanipigia jana. Anasema alikuwa ameshikilia domeini nyingine tatu za watu wa Tanga kwa ile ile imeili iliyofungwa, moja ni ya duka la vipuri vya baiskeli Ngamiani na inaisha tarehe 19 mwezi huu. Yeye hawezi kusafiri. Nimemwambia nitapita dukani kesho asubuhi kabla hawajafungua, ila upande wa rejista wake utanisaidia wewe maana siyo yule wa kwetu.

#18 fundi_komputa

Nimeiona. Nitumie majina yote matatu, naangalia hali zake usiku huu. Na mwambie mwenye duka aje na kitambulisho.